Maktaba ina draivu mbili lakini moja inalala tu: vile ya kuseti Bacula igawe bakapu kwa draivu zote

Kama uko na maktaba ya tepu (sanduku lenye roboti inayopakia kaseti za bakapu kwa draivu) yenye draivu mbili na kila usiku ukichungulia unakuta moja inakimbia na ya pili imekaa tu taa ya kijani, hii ni yako. Ntatumia Bacula, programu ya bakapu ya bure, manake ndo inayotumika sana na watu wasiotaka kulipa leseni, na Bareos ambayo ilichipuka kutoka kwa Bacula inafanana karibu kila kitu nitakachotaja, ila uangalie majina ya mafaili.

Kwanza kuna swali lazima mtu ataliuliza, mbona tepu mwaka huu, si kila kitu kiko klaudi? Sawa, lakini ofisi ya clearing hapa Mombasa iko na skani za entry na invoice na bill of lading za miaka, sheria ya ushuru ya Kenya ya 2015 inataka makaratasi ya kodi yakae miaka 5, na hizo TB zote kuzipandisha kwa intaneti kila wiki ni bili nyingine. Alafu mwezi wa tano 2024 si mnakumbuka nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilivyokatika tukabaki kuangalia kiduara kinazunguka, na hizo nyaya zinatua hapa hapa Mombasa. Tepu haijali hayo. Iko ndani ya jengo, ukiitaka unaichomeka.

Haya, tuanze na hesabu kabla ya konfigi, manake watu wengi wananunua draivu ya pili wakidhani kasi itakuja yenyewe.

Draivu moja ya LTO-7 (LTO ni aina ya tepu za bakapu, namba ni kizazi chake) inaandika MB 300 kwa sekunde bila kukompresi, kaseti moja inabeba TB 6. LTO-8 ni MB 360 na TB 12. Sasa netwaki ya gigabiti 1, ile ya kawaida ya swichi za ofisini, ukiwa na bahati inakupa kama MB 110 hivi kwa sekunde. Umeona hapo? Hata draivu moja hujaishibisha. TB 8 kwa MB 110 ni kama masaa 20, kwa MB 300 ni masaa saba na nusu, na ukizigawa kwa draivu mbili zinazolishwa sawasawa ni chini ya masaa manne. Ofisi ya karibu na bandari haina usiku mrefu, meli inashusha saa yoyote na kuna mtu anataka sistemu saa kumi na mbili asubuhi, kwa hivyo ukianza bakapu saa nne usiku una masaa manane basi. Kama seva ya bakapu imeunganishwa kwa gigabiti 1, weka pesa kwa kadi ya gigabiti 10 na swichi yake kwanza, draivu ya pili baadaye. Nasema hivi najua muuzaji hatakwambia.

Na draivu ikikosa data ya kutosha haiendi polepole tu. LTO inajaribu kupunguza mwendo ifuate data, lakini kuna kiwango haishuki chini yake, ikifika hapo inasimama, inarudisha tepu nyuma kidogo, inaanza tena, inasimama, inarudi, usiku kucha. Utaisikia ukiwa chumba cha seva. Hiyo inakula muda, inakula kichwa cha draivu na inakula tepu yenyewe.

Sasa kazi. Jambo la kwanza ni kujua ni draivu gani ni ipi, na usiruke hapa hata kama una haraka. Roboti ya maktaba ina namba zake, draivu 0 na draivu 1, na Linux ina zake, nst0 na nst1, na hakuna mtu aliyeahidi kuwa zitalingana. Simamisha bacula-sd (sehemu ya Bacula inayoendesha draivu) kwanza kisha andika

lsscsi -g

utaona draivu zote mbili na roboti, ile iliyoandikwa mediumx, na upande wa kulia /dev/sg ya kila moja. Tuseme roboti ni /dev/sg3. Hakikisha draivu ziko tupu, kisha

mtx -f /dev/sg3 status
mtx -f /dev/sg3 load 1 0
mt -f /dev/nst0 status
mt -f /dev/nst1 status

Yaani umeiambia roboti itoe kaseti ya sloti 1 iweke draivu 0, kisha unauliza kila nst iko na nini. Yenye tepu itasema ONLINE, isiyo na kitu itasema DR_OPEN. Kama nst1 ndo imesema ONLINE basi kwako wewe namba zimepishana, andika mahali. Ukikosea hapa Bacula itaambia roboti ipakie draivu 0 alafu ikae inasubiri tepu kwa draivu 1 mpaka asubuhi, na kosa utakaloliona kwa logi halitakwambia shida ni hii.

Na hizi nst0 nst1 zinaweza kubadilishana ukiwasha mashine upya, na huku kwetu stima ikikatika mashine itawashwa upya tu siku moja. Kwa hivyo usiandike /dev/nst0 kwa konfigi. Fungua /dev/tape/by-id, utakuta majina marefu yanayotokana na utambulisho wa kila draivu, yale yanayoishia na -nst ndo unayotaka. Roboti pia utaikuta humo. Na iwe nst, si st, hiyo n mbele ndo inaizuia tepu isijirudishe mwanzo kila draivu inapofungwa, ukiweka st bakapu ya leo inaweza kuandikwa juu ya ya jana.

Tukija kwa bacula-sd.conf, inakuwa hivi (majina marefu nimeyakata, weka yako):

Autochanger {
  Name = Maktaba
  Device = Draivu-0, Draivu-1
  Changer Device = /dev/tape/by-id/scsi-ROBOTI
  Changer Command = "/etc/bacula/scripts/mtx-changer %c %o %S %a %d"
}

Device {
  Name = Draivu-0
  Drive Index = 0
  Media Type = LTO-7
  Archive Device = /dev/tape/by-id/scsi-DRAIVU0-nst
  Autochanger = yes
  AutomaticMount = yes
  AlwaysOpen = yes
  RemovableMedia = yes
  RandomAccess = no
  Maximum File Size = 10 G
  Spool Directory = /spuli/d0
  Maximum Spool Size = 400 G
  Maximum Concurrent Jobs = 3
}

Draivu-1 ni hiyo hiyo, unabadilisha jina, Drive Index iwe 1, Archive Device ya pili na Spool Directory iwe /spuli/d1. Media Type lazima ifanane kwa zote mbili, ukiandika LTO-7 hapa na LTO7 pale Bacula itazichukulia ni aina mbili tofauti na kaseti iliyoandikwa na moja haitakubalika kwa nyingine. Njia ya mtx-changer hapo juu ni ya Debian na Ubuntu, ukiinstoli kwingine iangalie iko wapi.

Maximum File Size watu wanaiacha. Kawaida ni GB 1, na kila ikifika hapo Bacula inaandika alama kwa tepu. Kwa MB 300 kwa sekunde hiyo ni kila sekunde tatu na kitu, haina maana, weka 10 G au zaidi. Kuna pia Maximum Block Size ambayo kawaida ni baiti 64512, unaweza kuipandisha, lakini kama utaigusa iguse siku ya kwanza kabla hujaweka lebo kaseti hata moja. Maktaba ambayo tayari ina tepu za zamani mimi ningeiacha ilivyo, kasi utakayoongeza hailingani na wasiwasi wa kukuta tepu ya mwaka juzi haisomeki.

Ukimaliza, ijaribu kila draivu na btape:

btape -c /etc/bacula/bacula-sd.conf Draivu-0

andika test, iache imalize, kisha Draivu-1. Tumia kaseti tupu manake itaandikia juu.

Hapa ndo tunafika kwa shida yenyewe. Umeweka draivu zote mbili ndani ya Autochanger, umewasha, jobu sita (jobu ni kazi moja ya bakapu) zinaanza saa nne, na zote sita zinaenda Draivu-0. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni Maximum Concurrent Jobs, ambayo haiko mahali pamoja. Iko kwa Director (sehemu inayopanga jobu zote), iko kwa Storage ndani ya bacula-dir.conf, iko kwa Client (mashine inayochukuliwa bakapu), iko kwa Device, na ile ndogo kuliko zote ndo inashinda. Kwa Storage na kwa Client kawaida ni 1, kwa hivyo unaweza kuweka 20 kwa Director ukafurahi na bado jobu zikawa zinapanga foleni moja moja. Weka hivi: Storage 6, yaani draivu mbili mara tatu, Director 10 au 20, na Client ya ile seva kubwa 2. Za kompyuta ndogo ziache 1.

Sababu ya pili haionekani kwa konfigi manake ni tabia ya kawaida ya programu. Kuna agizo linaitwa Prefer Mounted Volumes na bila wewe kusema lolote ni yes. Maana yake jobu ikianza inatafuta draivu ambayo tayari iko na kaseti ya kundi lake la tepu (Bacula inaliita Pool), ikiipata inapanda hapo hapo hata kama kuna draivu nyingine haina kazi, mpaka ile ya kwanza ifike kikomo cha Maximum Concurrent Jobs yake. Ni kama stage ya Mwembe Tayari, matatu yenye watu ndo kila mtu anakimbilia, ya nyuma yake iko tupu na makanga anapiga kelele bure.

Wengi wakiliona hilo agizo wanaliweka no na kwa usiku wa kwanza kila kitu kinapendeza. Mimi nasema usifanye hivyo, na wenye Bacula wenyewe kwa maelezo yao rasmi wanashauri usifanye, manake kaseti zinaanza kuhamishwahamishwa kati ya draivu na unaweza kufika mahali jobu mbili kila moja inasubiri kaseti iliyoshikwa na mwenzake, hakuna anayeachia, na wewe uko nyumbani Bamburi umelala.

Njia ya sawa ni makundi mawili ya tepu. Bacula haiwezi kuweka kaseti mbili kwa draivu moja, kwa hivyo jobu za kundi A zikishika Draivu-0, jobu za kundi B zitalazimika kwenda Draivu-1, bila wewe kutaja draivu popote:

Pool {
  Name = Tepu-A
  Pool Type = Backup
  Recycle = yes
  AutoPrune = yes
  Volume Retention = 60 days
}

na Tepu-B hivyo hivyo. Kaseti mpya usizigawe kwa mkono, tengeneza kundi la tatu liitwe Scratch, hilo jina Bacula inalijua yenyewe, kundi lolote likiishiwa linachota kutoka humo. Kwa bconsole (dirisha la kuandikia amri za Bacula) unaandika label barcodes, unachagua Scratch, roboti inasoma stika za kaseti na kuzipa majina yenyewe.

Kugawa jobu ndo kunataka akili kidogo. Usigawe kwa idadi, gawa kwa TB. Andika list jobtotals kwa bconsole uone kila jobu imebeba kiasi gani, kisha panga mpaka pande mbili zikaribiane. Na kama kuna seva moja ambayo peke yake ni kubwa kuliko zote zikijumlishwa, ile ya faili za skani kwa mfano, elewa kuwa Bacula haipasui jobu moja ikaiandika kwa draivu mbili kwa wakati mmoja. Amanda, ile iliyoanzia Chuo Kikuu cha Maryland, iko na kitu kinaitwa RAIT ambacho kinatandaza data kwa draivu kadhaa kwa pamoja, lakini mimi sikipendi kwa ofisi ndogo, kurudisha faili moja unahitaji kaseti kadhaa za seti na draivu za kutosha kwa pamoja. Afadhali uikate jobu yenyewe iwe mbili.

Tuseme /data ina folda za imports, exports na transit. Jobu ya kwanza iwe na FileSet (orodha ya folda za kuchukuliwa bakapu) ya imports tu. Ya pili, na hapa sikiliza vizuri, usiandike exports na transit. Andika /data yote kisha kwa Exclude utoe /data/imports. Manake mwaka kesho bosi ataanzisha folda ya warehouse na hakuna mtu atakayekwambia, na kama umetaja folda moja moja hiyo mpya haitakuwa kwa bakapu yoyote na hakuna ripoti itakayolalamika. Jobu ya pili ikiwa ni "kila kitu kilichobaki" inajinasia yenyewe. Angalia pia diski za hiyo seva, kama ni za kuzunguka na ziko chache, jobu mbili zikisoma kwa pamoja zinaweza kugombania kichwa cha diski na ukapata kasi ndogo kuliko mwanzo. Jaribu uone, ikiwa hivyo irudishe moja na draivu ya pili uipe seva zingine.

Kukata jobu kuna faida nyingine ya huku kwetu. Stima ikipotea na UPS ikachoka, jobu iliyokuwa katikati inaanza upya kutoka sifuri. Jobu ya TB 8 ikikatwa saa tisa usiku umepoteza usiku mzima, ya TB 2 umepoteza kipande. Ongeza Reschedule On Error = yes, Reschedule Interval = 30 minutes na Reschedule Times = 2, ile jobu iliyoanguka kwa sababu ya seva nyingine kuzimika itajiamsha.

Kitu kingine kinachowashika watu ni Priority. Jobu zenye Priority tofauti haziendi pamoja. Ukiipa ya kwanza 10 na ya pili 9 ukidhani unapanga tu nani aanze, umeshazima draivu moja. Zote ziwe 10, isipokuwa ile ya katalogi yenyewe (rekodi za Bacula za faili gani iko kaseti gani) ambayo inakuwa 11 ili isubiri wenzake wamalize.

Sasa spuli. Hii ni diski ya kati, data inatoka kwa seva inashukia hapo kwanza, ikijaa kiasi ulichosema inamwagwa kwa tepu kwa mkupuo mmoja, kwa hivyo tepu inakimbia mwendo wake bila kusimama na data ya jobu tofauti haichanganyiki vipande vipande. Unaiwasha kwa kila jobu, Spool Data = yes. Lakini jobu moja haiwezi kujaza na kumwaga kwa wakati mmoja, ikianza kumwaga inaacha kupokea. Ndo maana nimeweka Maximum Concurrent Jobs = 3 kwa kila draivu, moja inamwaga na mbili zinajaza, draivu haikai bure.

Kuhusu diski yenyewe usibane pesa. Draivu mbili zikimwaga pamoja zinasoma MB 600 kwa sekunde na wakati huo huo data mpya inaandikwa hapo hapo. SSD ya SATA mwisho wake ni kama MB 550, haitoshi. Ama NVMe moja nzuri ama SSD mbili, kila draivu na yake, na ndo sababu nimetenganisha /spuli/d0 na /spuli/d1. Diski ya kuzunguka sahau kabisa. Na kama ulikuwa umewasha kukompresi ndani ya FileSet itoe, draivu inakompresi yenyewe bila kuchosha prosesa ya seva, na PDF za skani hazipungui hata ufanyeje.

Usiku wa bakapu ndogondogo, zile za mabadiliko tu, hazihitaji draivu mbili. Tumia Full Backup Pool kugawa A na B na Incremental Backup Pool zote ziende Tepu-A, la sivyo utakuwa na kaseti mbili zinazojazwa kijiko kijiko.

Kabla ya kuwasha pima maandishi yako na bacula-dir -t na bacula-sd -t, kisha anzisha upya bacula-sd, ile reload ya bconsole ni ya Director tu, haigusi konfigi ya draivu.

Kidogo kuhusu hewa ya hapa. Kaseti za kuhifadhi muda mrefu zinatakiwa zikae nyuzi 16 mpaka 25 na unyevu asilimia 20 mpaka 50, na sisi sote tunajua unyevu wa Mombasa ukoje. Stoo isiyo na AC haifai hata kama ina kufuli kubwa. Kaseti ikitoka chumba cha baridi ikapitia joto la barabarani mpaka ofisi ya pili huko Nyali, ikirudi usiichomeke papo hapo, iache siku nzima chumbani izoee kwanza.

Ukishawasha, usiku wa kwanza andika status storage ukiwa bconsole. Unataka kuona Draivu-0 iko na kaseti ya Tepu-A na Draivu-1 ya Tepu-B, zote zinaandika. Asubuhi soma ripoti za jobu, utakuta mstari wa Despooling wenye Transfer Rate na mwingine wa Rate ya jobu nzima. Despooling ikiwa chini ya MB 200 kwa LTO-7 shida iko kwa diski ya spuli. Despooling ikiwa nzuri lakini Rate iko chini, shida iko kwa netwaki au seva yenyewe, ongeza jobu zinazojaza pamoja kabla hujalaumu tepu. Zote zikiwa nzuri na bado draivu moja imelala, rudi kwa makundi na Priority, karibu kila mara jibu liko hapo.

Na ukiwa na draivu ya tatu, moja iwekee Autoselect = no. Jobu za usiku hazitaichukua zenyewe, unaiita kwa jina ukitaka kurudisha faili, kwa hivyo mtu wa accounts akipiga simu katikati ya bakapu hulazimiki kuua jobu ya mtu kumtafutia Excel yake.